Kukuza oganoidi Mtwara bila kufilisika: mbadala wa bei nafuu wa vichocheo vya ukuaji

Oganoidi ni fundo la seli, dogo kuliko punje ya ufuta, linalojipanga lenyewe ndani ya jeli hadi likafanana na kipande cha utumbo, ini au kiungo kingine. Mwaka 2009, Toshiro Sato na wenzake katika maabara ya Hans Clevers, Taasisi ya Hubrecht mjini Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwamba seli shina moja (seli mama inayozaa aina nyingine za seli) ya utumbo mwembamba wa panya, ile yenye alama ya Lgr5, inaweza kuzaa oganoidi nzima ikipewa jeli na protini tatu: EGF, Nogini na R-spondini. Protini hizo ndizo vichocheo vya ukuaji, na hadi leo ndizo zinazomaliza fedha za maabara, kwa kuwa huuzwa kwa mikrogramu kama sonara anavyopima dhahabu.

Mwongozo huu unamlenga mtafiti, fundi sanifu wa maabara au mwanafunzi wa uzamili aliye Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea, mwenye inkubeta ya kaboni dayoksaidi, kabati la usalama wa kibayolojia, darubini na bajeti finyu. Kwa sisi wa huku, unafuu wa kichocheo hupimwa kwa maswali mawili ambayo orodha za bei hazina: je, kitafika kikiwa hai, na je, kitabaki hai umeme ukikatika? Niliwahi kupokea sanduku la protini lililosafiri zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam. Barafu kavu ilikuwa imekwisha, pakiti za barafu za akiba zilikuwa vuguvugu, na boksi lenyewe lilikuwa limelowa kiasi cha kuchanika mikononi. Msafirishaji aliomba radhi kwa adabu zote, na bajeti ya nusu mwaka ikawa imekwenda. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu katika wilaya ya Kilwa, hata sanduku lililofungwa vizuri lisingepita. Kwa hiyo mbadala nitakaoueleza nimeupanga kwa kuangalia bei na safari kwa pamoja.

Hesabu kabla ya kununua

Chukua sahani ya visima 24. Kila kisima huwekewa mikrolita 500 za midia, yaani kioevu cha kukuzia seli, kwa hiyo sahani nzima hutumia mililita 12 kila inapobadilishiwa. Ukibadilisha mara tatu kwa wiki unatumia mililita 36, na kwa mwezi takriban mililita 150. Kanuni iliyozoeleka ya utumbo mwembamba wa panya hutaka nanogramu 50 za EGF, 100 za Nogini na 500 za R-spondini katika kila mililita. Ukizidisha, utaona kwamba sahani hiyo moja hula kwa mwezi mikrogramu 7.5 za EGF, 15 za Nogini na 75 za R-spondini.

Hesabu hiyo fupi inaonyesha fedha zinakovujia. EGF ni protini ndogo ya asidi amino 53 ambayo wauzaji huizalisha katika bakteria na kuiuza hata kwa miligramu. Miligramu moja inatosha lita 20 za midia, na kwa mwendo wa sahani moja utaizeesha kwenye friza kabla hujaimaliza. Usihangaike kutafuta mbadala wa EGF. Tafuta mbadala wa R-spondini kwanza, kisha Nogini, na Wnt3a, kichocheo cha nne cha seli shina, kama kweli unaihitaji.

Nasema kama kweli unaihitaji kwa sababu wanaoanza wengi hunakili kanuni ya utumbo wa binadamu, ambayo ni ndefu na ina Wnt3a, wakaitumia kwa utumbo mwembamba wa panya. Utumbo mwembamba wa panya una seli za Paneth zinazojitengenezea Wnt3, hivyo oganoidi zake hukua bila kuongezewa Wnt yoyote. Utumbo mpana hauna seli hizo, na oganoidi zake hudai Wnt kutoka nje. Kuchagua kipande cha kiungo kwa busara, kabla hata ya kushika pipeti, kunaweza kufuta mstari mzima kwenye ankara.

Hatua inayofuata ni kupunguza kile kinachobaki. Hamia kwenye sahani ya visima 96, ambako tone la jeli la mikrolita 5 hadi 10 hutosheka na mikrolita 100 za midia. Kisha jaribu viwango vya chini: andaa midia yenye kiwango kamili cha kichocheo kimoja, nusu, robo na thumuni, ukiacha vingine vilivyo, na ukuze oganoidi katika kila kiwango kwa vizazi vitatu mfululizo, yaani uzivunje na kuzigawa upya mara tatu. Kizazi cha kwanza hudanganya, kwani seli huwa bado zina akiba ya ishara za midia ya zamani. Kiwango kinachoonekana kutosha katika wiki ya kwanza kinaweza kukuangusha katika ya tatu.

Oganoidi zisizodai vingi

Njia ninayoipendekeza kwa maabara inayoanza kabisa katika mikoa hii ni utumbo wa kuku. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Edinburgh, walieleza oganoidi za utumbo wa kuku zinazoelea zenyewe kwenye midia, bila jeli na bila kuongezewa vichocheo vya ukuaji. Huanzia kwenye utumbo wa kiinitete cha siku 18: vijidole vya utumbo hutenganishwa kwa kimeng'enya cha kolajenasi, huchujwa, kisha huachwa vielee, navyo hujikunja na kujifunga huku uso wa ndani wa utumbo ukitazama nje. Mgeuko huo ni faida, maana kijidudu unachotaka kukichunguza hukutana na uso uleule ambao angekutana nao tumboni mwa kuku, bila haja ya kukidunga ndani kwa sindano. Watafiti hao walizijaribu kwa Salmonella, virusi vya mafua na Eimeria, yule anayeleta koksidiosisi.

Mayai yetu tunayanunua kwa mama mmoja wa Chuno, hapa Mtwara mjini, ambaye kuku wake wa kienyeji hutembea na jogoo, jambo la lazima kwa sababu yai la dukani lisilorutubishwa halitakupa kitu. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba tutayaatamisha kwa siku 18 halafu tuyapasue. Akanitazama kwa huruma: “Mwanangu, zimebaki siku tatu upate vifaranga, nawe unapasua?” Nilimjibu, “Ndiyo mama, hizo tatu ndizo tusizozitaka,” na tangu hapo ameniwekea alama ya kalamu kwenye mayai ya jogoo mwekundu, ambayo anasema hayawi viza. Ukimulika yai kwa tochi gizani ifikapo siku ya saba, utaona mishipa myekundu imetanda kama mizizi. Lisiloonyesha mishipa liondoe mapema lisije likaoza na kupasuka ndani ya kiatamizi.

Udhaifu wa oganoidi hizi ni kwamba hazidumu. Utazitumia kwa siku chache hadi wiki, kisha utaanza upya na mayai mengine, na huwezi kuzizidisha kwa miezi kama zile za panya. Kwa utafiti wa magonjwa ya mifugo hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa mayai yapo mwaka mzima.

Ipo njia nyingine ya zamani inayosahauliwa. Mwaka huohuo wa 2009, maabara ya Calvin Kuo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilieleza jinsi vipande vya utumbo wa kitoto cha panya, vikikuzwa ndani ya jeli ya kolajeni iliyo kati ya midia na hewa, vinavyoishi kwa muda mrefu bila kuongezewa vichocheo. Siri yake ni kwamba seli za tishu unganishi huachwa humohumo pamoja na seli za utumbo, na hizo ndizo zinazotoa vichocheo, kama zilivyokuwa zikifanya mwilini. Anayetaka seli za utumbo pekee kwa ajili ya uchambuzi wa jeni hatafaidika na njia hii, kwa sababu matokeo yatachanganyika.

Molekuli ndogo

Hapa ndipo Mtwara inapopata nafuu ya kweli. Molekuli ndogo ni kemikali zinazoingia ndani ya seli na kubonyeza swichi ileile ambayo protini huibonyeza kutoka nje. Nyingi husafirishwa zikiwa unga mkavu, hustahimili joto la njiani kwa siku kadhaa, na zikishayeyushwa na kugandishwa haziharibiki kwa urahisi kama protini.

Mbadala ulio rahisi kuliko wote ni wa Nogini. Kazi ya Nogini ni kuzinasa ishara za BMP, protini zinazozizuia seli shina kuongezeka, kabla hazijafika kwenye seli. LDN-193189 huzuia vipokezi vya BMP vyenyewe, na matokeo yake kwa oganoidi nyingi za utumbo hukaribiana sana. Kiwango cha kuanzia ni nanomola 100 hadi 200. Miligramu 5 zake hutosha zaidi ya lita 50 za midia kwa nanomola 200, hesabu ambayo ukiilinganisha na mikrogramu 15 za Nogini kila mwezi utashangaa kwa nini ulichelewa. Dosomofini, ndugu yake mkubwa, hufanya kazi hiyohiyo kwa umahususi mdogo zaidi. Usiongeze kiwango kwa kudhani kwamba kingi ni bora, kwani LDN ikizidi huanza kugusa vimeng'enya visivyohusika. Angalia pia umenunua chumvi ipi: ile ya hidrokloridi huyeyuka kwenye maji, ilhali ile isiyo chumvi huhitaji kiyeyushio cha DMSO na uvumilivu.

Kwa upande wa Wnt, wengi hukimbilia CHIR99021, kwa kawaida mikromola 3, ambapo miligramu 5 hutosha takriban lita 3.5. CHIR huzuia kimeng'enya cha GSK3, hivyo beta-katenini, protini inayobeba ujumbe wa Wnt, hujikusanya ndani ya seli kana kwamba Wnt imefika. Lakini hapa naomba msomaji asiende haraka. R-spondini haiwashi njia ya Wnt yenyewe. Huzuia RNF43 na ZNRF3, protini zinazoviondoa vipokezi vya Wnt kwenye uso wa seli, na hivyo hukuza sauti ya Wnt iliyopo tayari. CHIR huruka hatua zote hizo na kuiwasha kila seli kwa nguvu sawa, ile ya shina na ile iliyokuwa njiani kukomaa. Ukitoa R-spondini na kuweka CHIR peke yake, oganoidi hazitakufa mara moja, ila tabia yake itabadilika.

Utaliona kwa macho. Oganoidi ya utumbo mwembamba wa panya ikiwa na EGF, Nogini na R-spondini huanza kama tufe dogo, na baada ya siku nne au tano hutoa machipukizi pande zote, kila chipukizi likiwa na kiza kidogo cha chembechembe za seli za Paneth kwenye ncha. Tulipoongeza CHIR kwa kiwango kamili machipukizi yalipotea. Tukapata mapovu ya mviringo yenye ukuta mwembamba unaong'aa, mazuri kuyatazama na yanayokua haraka. Mwanafunzi wetu aliyafurahia sana. Yalikuwa yamejaa seli za shina na karibu hayana seli zilizokomaa, kwa hiyo jaribio lake la ufyonzaji wa sukari lisingeweza kumpa jibu lolote. Ushauri wangu ni kutumia CHIR kwa siku mbili tatu za mwanzo baada ya kuzigawa oganoidi, zinapokuwa dhaifu, kisha kuiondoa. Au kuitumia kwa kiwango cha chini pamoja na R-spondini iliyopunguzwa.

Kwa oganoidi za binadamu, A83-01 kwa nanomola 500 huzuia vipokezi vya TGF-beta, ishara inayokwamisha ukuaji wa seli za utumbo. SB431542, kwa mikromola 10, hufanya kazi hiyohiyo na unaweza kununua ile inayopatikana kwa bei ndogo. Nikotinamidi na asetilisisteini, zinazotajwa katika karibu kila kanuni, ni kemikali za bei ya chini na hazihitaji mjadala. Angalia tu kwamba jumla ya DMSO kutoka kwenye molekuli zote haivuki asilimia 0.1 ya midia.

Midia ya mavuno

Mbadala mkuu wa R-spondini na Wnt3a, kwa maabara yoyote itakayokuza oganoidi zaidi ya miezi michache, ni kufuga seli zinazozitoa. Seli hizo zimeingizwa jeni la kichocheo, nazo humwaga protini hiyo kwenye midia yake. Midia hukusanywa, huchujwa na kutumiwa. Sisi tumezoea kuiita midia ya mavuno, kwa sababu kazi yake inafanana na kugema: unarudi kila siku kuchukua kilichotoka.

Zinazojulikana zaidi ni seli za L-WRN, zilizotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, na kuelezwa na Miyoshi na Stappenbeck mwaka 2013. Zinatoa Wnt3a, R-spondini 3 na Nogini kwa pamoja, na hupatikana ATCC, benki ya seli ya Marekani, kwa namba CRL-3276 baada ya kutia saini mkataba wa kutozitumia kibiashara. Kichupa kimoja kikishafika salama, ukikizidisha na kugandisha akiba, hutakinunua tena. Hiyo ni safari moja tu ya barafu kavu badala ya safari ya kila mwezi.

Utaratibu wake ni huu. Zifufue seli katika midia ya DMEM yenye asilimia 10 ya seramu ya ndama, na siku ya pili ongeza dawa mbili za uteuzi, G418 na haigromaisini, kila moja miligramu 0.5 kwa mililita, ili seli zilizopoteza jeni zife. Seli zikishashamiri, zihamishie kwenye chupa kubwa za sentimita za mraba 150 bila dawa hizo. Hatua ya kuondoa dawa usiiruke hata ukiwa na haraka namna gani, kwa maana dawa itakayobaki kwenye mavuno itaua oganoidi zako, nawe utaishia kulaumu jeli. Seli zikishafunika sakafu yote ya chupa, zisuuze, kisha mimina mililita 25 za Advanced DMEM/F12 yenye asilimia 20 ya seramu. Baada ya saa 24 vuna, zungusha kwenye sentrifuji kwa dakika 5 kwa nguvu ya 2000 g ili seli zilizobanduka zitulie chini, hifadhi kimiminika cha juu kwenye baridi, na uweke midia mpya. Fanya hivyo siku nne.

Mavuno ya siku nne hayalingani, na kosa la kawaida ni kuyagandisha kila siku peke yake. Yachanganye yote kwenye chombo kimoja, upitishe kwenye chujio la mikromita 0.22, kisha ugawe katika vichupa vya kutumika mara moja na kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au chini zaidi. Chupa moja hukupa mililita 100, na kwa kuwa hutumika kwa kiwango cha nusu kwa nusu na midia safi, utapata mililita 200 za midia ya kutumia, zaidi ya mahitaji ya mwezi ya ile sahani ya visima 24. Kichupa kikishayeyuka kiweke kwenye jokofu la kawaida, kitumie ndani ya wiki moja, na usikigandishe tena.

Msomaji atauliza kwa nini seramu nyingi hivyo. Wnt3a hubeba mnyororo wa mafuta, na bila kitu cha kuushikilia hupoteza nguvu yake ndani ya maji. Seramu ndiyo inayoushikilia. Mbali na bei yake, ina gharama nyingine ya kisayansi: seramu ina mamia ya vitu visivyojulikana kiwango chake, na oganoidi za utumbo mwembamba wa panya zikikuzwa kwa midia ya L-WRN hubaki mapovu, kwa sababu Wnt imezidi. Ukitaka zikomae, zitoe kwenye mavuno siku mbili au tatu kabla ya jaribio.

Asiyehitaji Wnt asifuge L-WRN. Zipo seli za HEK293T zinazotoa R-spondini 1 peke yake, ambazo pia hutolewa kwa mkataba, na mavuno yake hutumika kwa asilimia 10 hadi 20 tu. R-spondini haina mnyororo wa mafuta, kwa hiyo inaweza kuvunwa bila seramu. Kwa maabara ya utumbo mwembamba wa panya, mavuno hayo pamoja na LDN na EGF ya kununua ndiyo mchanganyiko ninaouona bora kuliko yote: kichocheo cha gharama unakivuna, cha pili unakibadilisha kwa unga, na cha tatu ni cha bei rahisi tangu mwanzo.

Kabla ya kuvuna chochote, pima maikoplazma kwenye seli zinazotoa mavuno. Kijidudu hiki hupita kwenye chujio la mikromita 0.22, hakionekani kwa darubini ya kawaida, na kupitia mavuno kitaenea kwenye kila oganoidi uliyo nayo.

Kupima kila mkupuo

Mavuno hayana lebo ya nanogramu. Nguvu yake huijui mpaka uipime, na kipimo kinachoaminika kwa maabara ndogo ni oganoidi zenyewe. Weka kando vichupa kadhaa vya mkupuo uliofanya kazi vizuri kama kipimo rejea. Mkupuo mpya ukitoka, ulinganishe na ule wa zamani kwa viwango vya asilimia 50, 25, 12 na 6, visima vitatu kwa kila kiwango, kila kisima kikiwa na idadi ileile ya vipande. Siku ya tano hesabu ngapi ziko hai, ngapi zina machipukizi au mapovu, na pima kipenyo cha ishirini kati yake. Ukiwa na mtu wa pili, mpe ahesabu bila kujua kisima kipi ni cha mkupuo gani. Jicho la aliyevuna huwa na upendeleo, na nimelithibitisha kwa jicho langu mwenyewe.

Maabara yenye kifaa cha kupima mwanga inaweza kutumia seli zilizowekewa jeni la TOPFlash, ambazo hutoa lusiferasi njia ya Wnt inapowaka. Ni kipimo cha siku moja badala ya tano.

Kuzalisha mwenyewe kwa bakteria

Njia hii inapendeza kuisimulia kuliko kuifanya, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Protini zisizo na mapambo mengi, kama EGF na FGF2, kichocheo kingine cha seli shina, huweza kuzalishwa na bakteria wa E. coli waliowekewa plazmidi, yaani duara dogo la DNA lenye jeni la protini hiyo, na Addgene, shirika lisilo la faida, hugawa plazmidi nyingi za aina hiyo kwa watafiti. Mwaka 2020, maabara ya Paul Burridge katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilieleza midia iitwayo B8 kwa seli shina za binadamu, ambayo protini zake huzalishwa ndani ya maabara kwa sehemu ndogo sana ya bei ya dukani. FGF2 yao si ya kawaida: ni FGF2-G3, yenye mabadiliko tisa yanayoifanya istahimili nyuzi joto 37 kwa siku nyingi, ilhali ile ya asili hupoteza nguvu ndani ya muda usiotimia siku moja. Kwa anayekuza oganoidi zinazotokana na seli shina za aina hiyo, hata kuinunua FGF2 ya kustahimili joto ni nafuu, kwa sababu midia haibadilishwi kila siku.

Wnt3a haitengenezeki kwa bakteria, kwa kuwa bakteria hawajui kuipachika mafuta. Nogini na R-spondini zina madaraja mengi ya salfa, nazo hujikunja vibaya na kuganda ndani ya bakteria. Kuzikunjua na kuzikunja upya ni kazi ya mtu aliyebobea. Tatizo lingine ni endotoksini, sumu kutoka kwenye ukuta wa bakteria, ambazo huvuruga majaribio yote ya kinga na maambukizi. Zinaweza kupunguzwa kwa kuoshwa na Triton X-114, aina ya sabuni ya maabara, lakini ni lazima zipimwe, na kipimo chake nacho kina bei.

Jeli, chembe sahani na mwani

Vichocheo vikishapungua bei, jeli ndiyo inayobaki ikidai fedha. Matrigel hutolewa kwenye uvimbe wa saratani ya panya, husafirishwa ikiwa imeganda na huwa ngumu papo hapo ikipata joto, tabia isiyopatana na mchana wa Novemba wa Mtwara. Pipeti na vichupa viwekwe kwenye baridi usiku kucha kabla ya kuigusa. Kolajeni ya mkia wa panya hutengenezwa maabara kwa asidi ya siki iliyozimuliwa, na kwa njia ya Kuo inatosha kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2019 kwamba oganoidi za utumbo zinazotokana na seli shina za binadamu hukua pia ndani ya alginati.

Nikilitaja hilo, wenzangu wa pwani huuliza papo hapo kuhusu mwani wetu. Mwani unaolimwa Mtwara, Lindi na Kilwa, spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu, nao hutoa karagenani, ambayo ni kitu kingine. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia, kama ule wa Sargassum unaoletwa na mawimbi ukaachwa ufukweni, na kuisafisha hadi ifae seli ni mradi wa utafiti unaojitegemea. Kwa sasa nunua unga uliosafishwa. Ni mkavu na hausumbuliwi na safari.

Wapo wanaotumia maji ya chembe sahani za damu zilizopita muda wake, zinazopasuliwa kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa. Yana vichocheo vingi, ikiwamo PDGF na EGF, na hufaa sana seli za tishu unganishi. Yana pia TGF-beta kwa wingi, ambayo seli za utumbo haziipendi, kwa hiyo kwa oganoidi za utumbo siyapendekezi.

Vibali na friza

Seli za L-WRN na bakteria wenye plazmidi ni viumbe vilivyobadilishwa kijeni, na matumizi yake nchini yako chini ya kanuni za usalama wa kibayolojia za mwaka 2009 zinazosimamiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais. Anayetumia tishu za binadamu anahitaji kibali cha maadili kinachopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza maombi kabla ya kuagiza seli, kwa kuwa sanduku haliwezi kungoja saini likiwa kwenye joto.

Akiba ya seli igawe mahali pawili tofauti. Kwa naitrojeni kimiminika, zungumza na wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, ambao huitumia kuhifadhi mbegu na wanajua vizuri namna ya kuisafirisha. Midia ya mavuno, LDN na CHIR zikae kwenye friza, na humohumo ndani uweke kikombe cha maji kilichogandishwa chenye sarafu ya shilingi mia juu ya barafu. Ukirudi Jumatatu baada ya umeme kukatika mwishoni mwa wiki, friza inaweza kuwa imeshaganda tena na kila kitu kikaonekana salama. Sarafu ikiwa bado juu, endelea na kazi. Ukiikuta imezama chini ya barafu, LDN na CHIR zitumie bila wasiwasi mkubwa, na mkupuo wa mavuno uupime upya dhidi ya ule wa rejea, ambao natumaini uliuweka kwenye friza ya jengo lingine.